Tarehe ya faili si shahidi

Leo naandika kwa aibu kidogo, maana kisa hiki kinaanza na kosa langu mwenyewe.

Miezi michache iliyopita, mwenyekiti wa chama kimoja cha akiba na mikopo huko Bisil alinitumia ujumbe kwa simu. Kule nyumbani wananijua kama "yule kijana wa kompyuta wa Kitengela", kwa hiyo printa ikigoma ni mimi ninayepigiwa, na simu ya mtu ikijaa picha ni mimi ninayetafutwa. Swali la mzee lilikuwa fupi: nitajuaje kama mtu amefungua faili kwenye kompyuta ya ofisi?

Nilikuwa ndani ya matatu, nimechoka. Nikamjibu kwa sentensi moja: bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tazama sifa zake, utaona tarehe tatu, ya kuundwa, ya kubadilishwa na ya kufunguliwa. Nikarudisha simu mfukoni, nikasahau.

Jibu lile la sekunde kumi lilikaribia kumfukuzisha mtu kazi.

Kwa asiyeijua, Bisil (wengine huandika Bissil au Ilbisil) ni mji mdogo kwenye barabara ya Namanga, ukishapita mji wa Kajiado. Unajulikana zaidi kwa soko lake la mifugo. Ni mahali ambapo watu wanajuana, na mtu akiitwa mwizi asubuhi, mpaka jioni habari imefika kila boma. Shikeni hilo, tutalirudia.

Kilichotokea ni hiki. Orodha ya waombaji mikopo wa chama, yenye majina na kiasi ambacho kila mtu aliomba, ilivuja. Jumapili jioni ilikuwa tayari inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Jumatatu asubuhi mwenyekiti akakumbuka somo langu. Akawasha skrini ya kompyuta ya ofisi, akatazama sifa za faili ile, akakuta imefunguliwa Jumamosi saa tano na dakika arobaini na moja usiku. Akaipiga picha ile skrini kwa simu yake.

Ofisi Jumamosi usiku huwa imefungwa. Funguo ziko kwa watu wawili, mwenyekiti na karani. Mwenyekiti alijua yeye alikuwa nyumbani amelala. Hesabu ikawa rahisi, na karani, dada mwenye umri kama wangu, akaambiwa akae nyumbani mpaka kamati ikutane.

Kulikuwa na askari wa usiku langoni, na daftari lake la wageni lilionyesha hakuna aliyeingia. Lakini mzee hakulitilia maanani daftari lile. Nilipompigia simu kuuliza, alinijibu: "Kijana wangu, askari anaweza kusinzia. Mashine haidanganyi, wewe ndiye uliyeniambia."

Hapo nikajua lazima nifunge safari.

Tarehe ile ni nini hasa?

Kabla sijafika Bisil kwenye hadithi, wacha nieleze kitu ambacho nilipaswa kumweleza mzee tangu mwanzo.

Kila faili kwenye diski ina maelezo yake pembeni: ni kubwa kiasi gani, ni ya nani, ipo sehemu gani ya diski, na tarehe kadhaa. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, tangu miaka ya 1970, tarehe zenyewe ni tatu. Ya kwanza huitwa `mtime`, yaani mara ya mwisho yaliyomo kubadilishwa. Ya pili ni `ctime`, mara ya mwisho yale maelezo ya pembeni kubadilika, kwa mfano ruhusa au jina la mwenye faili (wengi hudhani ni tarehe ya kuzaliwa kwa faili, siyo). Ya tatu ni `atime`, mara ya mwisho faili kusomwa. Windows nayo ina tarehe kama hiyo ya tatu katika mfumo wake wa NTFS.

Sasa fikiria maana yake. Mfumo ukitaka kukumbuka kwamba faili imesomwa, lazima uandike. Yaani kila kusoma kunazaa kuandika! Seva ya wavuti inayosoma faili elfu kumi kwa dakika inaweza kulazimika kugusa maelezo ya faili elfu kumi, ingawa hakuna aliyebadilisha herufi hata moja.

Gharama hiyo iliwaudhi watu kwa miaka mingi. Agosti 2007 Ingo Molnár, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa kerneli ya Linux, aliwaeleza wenzake bila kuficha kwamba uandishi wa `atime` ulikuwa unaiumiza Linux kuliko kitu kingine chochote katika kazi za diski. Dawa ilikuwa imeshaanza kupatikana. Kerneli 2.6.20 ya Februari 2007 ilikuja na chaguo liitwalo `relatime`, kazi ya Valerie Aurora (wakati huo akiitwa Valerie Henson). Kuanzia kerneli 2.6.30 ya Juni 2009, chaguo hilo ndilo likawa la kawaida. Mwaka 2015, katika kerneli 4.0, likaongezwa `lazytime`, ambalo huweka tarehe mpya kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwanza na kuchelewa kuzipeleka kwenye diski.

`relatime` inafanya nini? Rudi kwa yule askari langoni na daftari lake. Askari wa zamani wa Unix alikuwa anafuta muda wa mgeni aliyetangulia na kuandika wa mgeni wa sasa, kila mara, bila jina. Askari wa `relatime` ni mvivu zaidi. Anaandika pale tu faili ikiwa imebadilishwa tangu alipoandika mara ya mwisho, au kama muda ulioandikwa umeshapita saa 24. Vinginevyo anakuangalia ukipita na hagusi kalamu. Kwa hiyo faili ikisomwa asubuhi, ikasomwa tena mchana na jioni na mtu mwingine kabisa, daftari laweza kubaki na asubuhi tu.

Kuna pia `noatime`, ambapo askari amenyang'anywa kalamu kabisa. Raspberry Pi OS hutumia hiyo kwenye diski yake kuu, ili kadi ndogo ya kumbukumbu isichakae kwa maandishi yasiyo na kazi.

Upande wa Windows mambo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Windows Vista ilipotoka ilizima uandishi wa tarehe hii kama kawaida yake. Miaka ikapita hivyo. Kisha toleo la 1803 la Windows 10, la Aprili 2018, likaleta hali ambapo mfumo wenyewe unaamua kama utaandika au la, na toleo hilo lilitazama ukubwa wa diski yenye Windows. Na hata ikiwa imewashwa, NTFS ina ruhusa ya kuchelewesha kuandika tarehe hiyo kwa muda wa hadi saa moja. Flashi nyingi za USB hutumia FAT32, na huko tarehe ya kusomwa huwekwa siku tu, bila saa.

Je, umeona tatizo? Neno ni lile lile, tarehe ya kufunguliwa. Maana yake inategemea umri wa mfumo, aina ya diski, na chaguo ambalo mwenye kompyuta hajawahi kulisikia.

Jumatano, Bisil

Niliondoka Kitengela mapema, nikapita Isinya na Kajiado, saa nne nikawa ofisini. Mzee alikuwepo, wanakamati wawili, na karani aliyekuja na mama yake. Mama alikaa kimya muda wote akinitazama mimi, si kompyuta.

Jambo la kwanza nililogundua liliniumiza. Tarehe ya Jumamosi haikuwepo tena. Tangu Jumatatu watu walikuwa wamefungua faili ile mara nyingi wakibishana, na kila walipoifungua walikuwa wanakanyaga juu ya nyayo walizotaka kuzifuata. Tulichobaki nacho ni ile picha ya simu. Ndiyo maana wachunguzi wa kweli huanza kwa kuzuia diski isiandikwe kabla ya kuisoma. Kuangalia kwenyewe kunaharibu.

Nikafanya kitu ambacho mzee hakukifikiria. Sikutazama faili moja, nilitazama folda nzima, nikiipanga kwa tarehe ya kufunguliwa. Faili nyingi hakuna aliyezigusa tangu Jumatatu, na hizo zikazungumza: Jumamosi saa 5:40 usiku, 5:40, 5:40, 5:41, 5:41, 5:41, 5:42. Mamia ya faili, zikiwemo risiti za miaka mitatu nyuma na barua ya kualika watu kwenye harambee iliyokwisha zamani.

Nikawauliza wazee: mtu anayeiba orodha moja usiku, angefungua risiti mia nne kwa dakika mbili?

Nikafungua orodha ya kazi zilizopangwa kwenye Windows. Ilikuwepo. Fundi aliyeweka kompyuta ile aliacha programu ndogo ya kunakili folda nzima kwenye diski ya nje, kila Jumamosi saa 5:40 usiku. Hakumwambia mtu. Imekuwa ikifanya kazi yake kimya kimya tangu siku hiyo, na kwa kweli ni kazi nzuri, ndiyo nakala rudufu pekee waliyo nayo! Kunakili ni kusoma, na kusoma kuliandikwa.

Mzee hakukubali haraka, na namheshimu kwa hilo. Akaleta laptopu yake. "Mbona hapa nilifungua nakala ya faili hii jana na tarehe haikubadilika?" Nikaandika amri moja kwenye mashine zote mbili:

`fsutil behavior query disablelastaccess`

Kompyuta ya ofisi ikajibu 2, maana yake mfumo umeamua kuandika. Laptopu ya mzee ikajibu 3, maana yake mfumo umeamua kutoandika. Mashine mbili, meza moja, Windows zinazofanana kwa macho, na moja inaandika huku nyingine haiandiki. Lakini zote mbili zinaonyesha tarehe!

Mzee akakaa chini.

Karani alirudi kazini siku ya pili yake. Nani alivujisha orodha? Sijui, na kompyuta ile haiwezi kutuambia. Orodha ilikuwa imechapishwa kwenye karatasi wiki iliyotangulia kwa ajili ya kikao, na nakala zake hazikuhesabiwa. Ninachojua ni kwamba Jumamosi saa 5:41 usiku haikuwa ushahidi dhidi ya mtu yeyote.

Alipokuwa ananisindikiza nje dada yule aliniambia: "Kaka, kazi nimerudishiwa. Lakini sokoni bado wananiangalia." Sikuwa na la kumjibu.

Maoni yangu

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Sisemi tarehe hii haina faida. Programu ya barua pepe ya Mutt imekuwa ikilinganisha `atime` na `mtime` ili kujua kama kisanduku kina barua mpya. Zana za kusafisha folda za muda huitumia kujua faili zipi zimesahaulika. Mradi wa Debian una programu ya hiari inayoangalia `atime` ili kujua ni vifurushi vipi watu wanavitumia kweli. Mtu wa seva akitaka kujua nini kihamishiwe kwenye hifadhi ya bei nafuu, `find -atime +90` humpa pa kuanzia.

Lakini angalia wanaofaidika: ni programu, na watu wanaojua mipaka yake. Kwao kukosea kidogo si kitu. Mutt ikikosea, unaona alama ya barua mpya isiyokuwepo, basi. Mwenyekiti wa chama akikosea, mtu anapoteza jina lake.

Lawama yangu kwa mifumo ya uendeshaji ni moja, na haihusu kasi. Ni kwamba inaonyesha tarehe ambayo haiitunzi. Kwenye Windows iliyozima uandishi huo, dirisha la sifa bado lina mstari wa tarehe ya kufunguliwa, umejaa siku na saa na dakika na sekunde, kana kwamba kuna mtu anahesabu. Kwenye Linux yenye `noatime`, amri ya `stat` inakuchapishia muda mpaka sehemu za bilioni za sekunde, muda ambao huenda ni wa mwaka juzi. Tarakimu zikiwa nyingi, mtu wa kawaida huamini zaidi. Sisi tuliosomea kompyuta tunajua kwamba usahihi wa tarakimu si ukweli wa habari. Mzee wa Bisil angejuaje?

Kama mfumo hauandiki tarehe, uache nafasi wazi, au useme "haiandikwi". Kama unaandika kwa nusu nusu, useme hivyo. Huo ni mstari mmoja wa maandishi. Waliobadilisha mfumo kwa ajili ya kasi walikuwa sahihi, mimi mwenyewe ningefanya vile vile. Kosa ni kwamba walibadilisha maana na wakaacha jina lile lile mlangoni.

Na lawama ya pili ni kwetu, watengenezaji programu. Watu wanatuuliza maswali ya haki na lawama, sisi tunajibu kwa vitufe. Mzee hakutaka kujua tarehe ilipo. Alitaka kujua *nani*. Tarehe ya faili haina jina la mtu, haina idadi ya mara, haisemi kama aliyesoma ni binadamu au programu. Inabeba tukio moja tu, la mwisho, na hata hilo si kila wakati. Lile daftari la askari ambalo mzee alilidharau lilikuwa na jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi. Kama ushahidi, daftari la shilingi mia lilikuwa bora kuliko kompyuta.

Wakenya tunalijua jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Katika kesi ya uchaguzi wa urais ya mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliamuru tarehe 28 Agosti kwamba tume ya uchaguzi itoe nafasi ya kusoma, bila kubadilisha chochote, taarifa za seva zake zikiwemo kumbukumbu za walioingia. Haikuagiza tarehe za mafaili. Ilitaka rekodi ya nani aliingia, lini, akafanya nini. Katika uamuzi wao, majaji walio wengi walihesabu kutotekelezwa kikamilifu kwa amri hiyo dhidi ya tume. Pia Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, ina masharti kuhusu rekodi za kielektroniki, ikiwemo cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu iko mbali sana na hapo.

Ufanye nini?

Kwanza, ukitaka kujua nani anasoma faili muhimu, washa rekodi za kweli kabla jambo halijatokea. Windows za ofisi zina ukaguzi wa ufikiaji wa faili, ambao huandika jina la mtumiaji na programu iliyotumika. Linux ina `auditd`. Zote zinahitaji kila mtu awe na akaunti yake na nywila yake. Ofisi ya Bisil ilikuwa na akaunti moja, na nywila yake ilikuwa imebandikwa chini ya skrini. Hilo tumelirekebisha.

Pili, ukiulizwa na mzee, mwajiri au rafiki namna ya kuona tarehe ya kufunguliwa, usijibu kabla hujauliza: unataka kuitumia kwa nini? Mimi sikuuliza.

Tatu, jaribu mwenyewe. Ukiwa na Linux, chagua faili, andika `stat` na jina lake, isome kwa `cat`, kisha `stat` tena. Isome mara ya pili na ya tatu. Huenda tarehe isogee mara moja na kugoma baada ya hapo, au isisogee kabisa. Ukiona hivyo kwa macho yako, hutamtuhumu mtu kwa tarehe ile maisha yako yote.

Nilipofika Kitengela jioni ile nilirudia ule ujumbe wangu wa zamani kwenye simu. Kila neno ndani yake lilikuwa sahihi: bonyeza hapa, tazama pale, utaona tarehe tatu. Nilichoacha kumwambia mzee ni kwamba ya tatu asiitegemee.